Majibu Yanapokwama Ndani ya Kompyuta: Namna Programu za C Zinavyosoma Maandishi ya XML

Mgonjwa anayesimama mbele ya dirisha la majibu huuliza swali moja tu: "Majibu yangu yametoka?" Zamani jibu la swali hilo lilitegemea mambo yanayoonekana kwa macho. Sampuli imefika maabara au haijafika. Mashine inafanya kazi au imeharibika. Mtaalamu yupo au ametoka. Siku hizi kuna jibu jingine ambalo wengi wetu hatujalizoea. Mashine imemaliza kupima, mtaalamu amethibitisha, lakini majibu yenyewe yamekwama kati ya kompyuta ya maabara na kompyuta ya wodini, yakisubiri kusomwa.

Mimi ni daktari bingwa wa patholojia, si mhandisi wa kompyuta. Lugha ya C nilijifunza ukubwani, kwa kulazimika. Katika hospitali moja niliyowahi kuitumikia, kila Jumatatu asubuhi majibu yalichelewa kufika wodini, na madaktari walianza mzunguko wao wakiwa mikono mitupu. Sote tuliulaumu mtandao. Nyaya zikabadilishwa, kifaa kipya cha mtandao kikafungwa, na Jumatatu iliyofuata hali ikawa ile ile. Mhusika hakuwa mtandao. Alikuwa programu ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya C miaka mingi nyuma, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma faili la XML kutoka maabara na kuyagawa majibu kwa wagonjwa wake. Ilifanya kazi hiyo kwa usahihi, ila kwa namna ya mtu anayerudi nyumbani kila mara kuchukua kitu kimoja.

Ninaeleza hapa ugonjwa wa programu ile, tiba yake, na kosa la hatari lililofanyika tulipojaribu kuitibu kwa haraka. Msomaji asiyejua kompyuta asiogope. Nitajitahidi kubaki wodini kadiri inavyowezekana.

Jibu la kipimo linavyosafiri

XML ni utaratibu wa kuandika taarifa kwa maandishi ya kawaida, huku kila taarifa ikifungwa kati ya lebo mbili zinazoeleza maana yake. Utaratibu huu ulipitishwa na taasisi ya W3C Februari 1998, na katika sekta ya afya umeenea sana. Nyaraka za kitabibu za muundo wa CDA, ambao toleo lake la pili lilipitishwa na shirika la HL7 mwaka 2005, huandikwa kwa XML. Na kiwango kipya zaidi cha shirika hilo hilo, FHIR, nacho kinaruhusu XML. Kipimo cha sukari ya damu, kikirahisishwa, huweza kuonekana hivi:

<kipimo jina="glukosi" kizio="mmol/L">23.6</kipimo>

Wewe na mimi tukiutazama mstari huu tunaiona namba mara moja. Kompyuta haioni hivyo. Husoma herufi moja baada ya nyingine, ikitafuta alama inayofungua lebo, jina la lebo, sifa zake, kisha maandishi yaliyomo, kisha lebo inayofunga. Programu ifanyayo kazi hiyo huitwa kichanganuzi.

Kwa nini C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970? Kwa sababu ni nyepesi, inaenda kasi, na inakubali kukaa ndani ya kompyuta ndogo zinazoambatana na mashine za maabara. Vichanganuzi viwili vinavyotumika mno duniani, Expat kilichoanzishwa na James Clark na libxml2 kilichoanzishwa na Daniel Veillard, vimeandikwa kwa C. Hata hospitali inayojivunia mfumo ulioandikwa kwa Python au PHP, chini ya sakafu mara nyingi inatembea juu ya vichanganuzi hivyo hivyo.

Muuguzi anayehesabu vitanda

Lugha ya C ina tabia moja inayoshangaza. Haihifadhi urefu wa maandishi. Ukiiambia ihifadhi neno "glukosi", itapanga herufi zake saba moja baada ya nyingine katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha mwishoni itaweka sifuri kama alama ya kwamba neno limekwisha. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba neno hili lina herufi saba. Anayetaka kujua urefu huanza herufi ya kwanza na kutembea hadi akutane na sifuri. Amri inayofanya matembezi hayo huitwa strlen.

Fikiria wodi ndefu isiyo na daftari la waliolazwa. Kila mgonjwa mpya anapofika, muuguzi huanzia kitanda cha kwanza, akipita kitanda kwa kitanda hadi akione kilicho wazi, ndipo amlaze. Wagonjwa wakiwa watano, hakuna anayeona tatizo. Wakiwa mia mbili, muuguzi atakuwa amechoka kwa kutembea kabla hajamhudumia mtu yeyote. Amri ya C inayounganisha maandishi, iitwayo strcat, ndiye muuguzi huyo. Kila inapoombwa kuongeza kipande mwishoni, kwanza huutafuta mwisho kuanzia mwanzo.

Hebu tupige hesabu. Tuseme tunaunganisha vipande 1,000 vya maandishi, kila kimoja kikiwa na baiti 100. Jumla ya maandishi ni baiti 100,000 tu. Lakini kipande cha pili hutanguliwa na matembezi ya baiti 100, cha tatu 200, cha nne 300, na kuendelea. Jumla ya matembezi ni baiti 49,950,000. Yaani kwa kila baiti moja tuliyoiweka, tumetembea karibu mara 500. Sasa ongeza vipande viwe 2,000. Maandishi yameongezeka mara mbili, lakini matembezi yamefika baiti 199,900,000, ambayo ni mara nne.

Hapo ndipo siri ya Jumatatu ilipokuwa. Majibu ya mwisho wa juma yalikuwa yakirundikana katika faili moja kubwa, na programu ile iliunganisha maandishi yote ya faili katika mfuatano mmoja mrefu kwa strcat kabla ya kuyagawa. Siku za Jumanne na Jumatano faili lilikuwa dogo na hakuna aliyelalamika. Jumatatu lilikuwa kubwa mara kadhaa, na muda wa kusubiri ukakua kwa kasi kuliko faili lenyewe. Mtandao ulio taratibu hauna tabia hiyo: ukituma mara mbili, utasubiri takriban mara mbili.

Wala tusidhani ni ulemavu wa hospitali zetu peke yake. Mwaka 2021 mtunga programu mmoja alichunguza kwa nini mchezo wa Grand Theft Auto Online ulichukua dakika sita kufunguka kwenye kompyuta yake. Alikuta faili la takriban megabaiti 10 lenye orodha ya vitu kama 63,000. Halikuwa la XML, bali la muundo uitwao JSON, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja: amri iitwayo sscanf, kila ilipotakiwa kusoma neno moja, kwanza ilipima urefu wa maandishi yote yaliyobaki mbele yake. Alipoirekebisha pamoja na kasoro nyingine iliyokuwa karibu nayo, dakika sita zikawa chini ya mbili. Kampuni ilikubali kosa na kumlipa dola 10,000. Mamilioni ya watu walikuwa wamesubiri kwa miaka wakidhani kompyuta zao ndizo chakavu.

Marekebisho ya haraka, na mgonjwa wa sukari

Kijana aliyepewa kazi ya kutibu programu yetu alikuwa hodari. Aliona mara moja kwamba huo mfuatano mrefu hauna maana. Akauondoa. Badala ya kuunganisha kwanza na kugawa baadaye, aliamua kila maandishi yanapotoka kwenye kichanganuzi yahifadhiwe papo hapo kama jibu la kipimo kinachosomwa. Faili la Jumatatu likasomwa kwa kufumba na kufumbua. Tulimpongeza.

Wiki chache baadaye muuguzi wa wodi ya wanaume alipiga simu maabara. Mgonjwa wake mwenye kisukari alikuwa na jibu la glukosi 3.6 kwenye kompyuta, na daktari wa zamu alikuwa ameshaandika apewe dekstrosi kwa mshipa. Lakini mgonjwa huyo, alisema muuguzi, amemaliza jagi zima la maji tangu alfajiri na haachi kwenda msalani. "Huyu sukari yake haijashuka, daktari. Mimi siweki hii dawa mpaka nimpime tena." Akampima kwa glukomita kitandani, na kifaa kikaonyesha sukari ya juu sana. Tukafungua mashine ya maabara. Jibu halisi lilikuwa 23.6.

Tarakimu moja ilikuwa imedondoka njiani. Ilidondokaje?

Expat hasubiri kusoma faili zima. Hupewa faili kwa mafungu, tuseme ya baiti 4,096 kila moja, na kila anapokutana na maandishi humwita mtunga programu na kumkabidhi alichonacho mkononi. Maelekezo yake yanasema wazi kwamba maandishi ya lebo moja yanaweza kukabidhiwa kwa vipande zaidi ya kimoja. Kwa kawaida namba fupi kama 23.6 huja nzima. Lakini ikitokea kwamba tarakimu 2 ndiyo baiti ya mwisho ya fungu moja, na 3.6 zikawa za kwanza katika fungu linalofuata, basi wito wa kwanza utaleta "2" na wito wa pili utaleta "3.6". Programu mpya ilihifadhi "2", kisha ikaandika "3.6" juu yake. Programu ya zamani, pamoja na uzembe wake wote, ilikuwa ikiunganisha, na kwa hiyo haikupoteza kitu.

Kosa hili halikuonekana katika majaribio kwa sababu majaribio yalitumia mafaili madogo, ambayo hayakuwa na mpaka wa fungu hata mmoja. Katika mafaili ya kweli lilihitaji bahati mbaya ya jibu kuangukia mpakani kabisa. Kwa jibu moja ni nadra. Kwa hospitali yenye maelfu ya majibu, litatokea. Namshukuru muuguzi yule, aliyemtazama mgonjwa kabla ya kuitazama skrini.

Tiba yenyewe

Dawa sahihi haikuwa kuacha kuunganisha. Ilikuwa kuunganisha kwa akili, na kwa ajili ya lebo moja kwa wakati mmoja. Tumrudie muuguzi wetu wa vitanda. Anachohitaji ni kibao ukutani kilichoandikwa: waliolazwa ni 57, vitanda vyote ni 64. Mgonjwa mpya akija, anaenda moja kwa moja kitanda cha 58. Katika C hilo hufanyika kwa kuweka pamoja vitu vitatu: kielekezi kinachoonyesha maandishi yalipoanzia, idadi ya baiti zilizokwisha kutumika, na idadi ya baiti zilizotengwa. Kipande kipya kikija, hunakiliwa kwa amri memcpy moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza iliyo wazi, na idadi inaongezwa. Hakuna matembezi. Expat mwenyewe hurahisisha jambo hili, maana kila anapokabidhi maandishi hutaja na urefu wake. Kuupima tena kwa strlen si uvivu tu, ni kosa, kwa kuwa maandishi hayo hayana sifuri mwishoni.

Nafasi ikijaa, iongezwe maradufu, si kwa kidogo kidogo. Anayeongeza baiti 100 kila inapojaa atahamisha maandishi yake mara elfu nyingi; anayeanza na baiti 1,024 na kuongeza maradufu hufika baiti 1,048,576 kwa kupanua mara kumi tu. Lebo inayofunga inapofika, ndipo jibu lihesabiwe kuwa limekamilika na kugeuzwa namba. Kisha idadi hurudishwa sifuri na chombo kile kile hutumika kwa kipimo kinachofuata, bila kuomba kumbukumbu upya. Hilo nalo lina faida kubwa, kwa sababu kuomba na kurudisha vipande vidogo vya kumbukumbu kwa kila lebo ni gharama ambayo wengi hawaioni mpaka waipime.

Kugeuza maandishi kuwa namba kuna mtego wake. Amri ya kawaida iitwayo strtod hufuata desturi ya lugha ambayo programu imewekewa. Wenzetu wa Bujumbura au Lubumbashi, ambao kompyuta zao huenda zikawekwa kwa Kifaransa, hutumia mkato mahali ambapo sisi tunatumia nukta. Programu iliyochukua desturi hiyo, ikikutana na 23.6, itasoma 23 na kusimama kwenye nukta, bila kulalamika iwapo mtunga programu hakuangalia iliposimamia. Namba za XML zisomwe kwa desturi moja isiyobadilika, popote kompyuta ilipo.

Majina ya lebo nayo hula muda. Programu nyingi hulinganisha kila lebo na orodha ndefu: je, ni "mgonjwa"? Hapana. Je, ni "sampuli"? Hapana. Je, ni "kipimo"? Faili lenye lebo laki moja na orodha ya majina hamsini lina maulizo mengi sana. libxml2 hulipunguza tatizo hili kwa kuwa na kamusi ya ndani: kila jina huhifadhiwa mara moja tu, na mahali pengine pote hutumika anwani yake. Mtunga programu akilitumia hilo vizuri, kulinganisha majina mawili huwa ni kulinganisha anwani mbili, bila kutazama herufi.

Kuna mbinu ya kasi kuliko zote, ambayo ni kutokunakili kabisa. Badala ya kuhamisha jina la mgonjwa kutoka kwenye faili, programu hukumbuka tu kwamba jina linaanzia baiti fulani na lina urefu fulani. Ni mbinu nzuri, na mimi naipenda, lakini ina masharti mawili ambayo katika hospitali si ya kuchezea. Sharti la kwanza ni kwamba maandishi ya XML si lazima yawe kama yanavyotamkwa. Jina la Kisukuma kama Ng'wandu linaweza kuandikwa ndani ya faili Ng&apos;wandu, kwa kuwa alama ile ya juu ina kazi nyingine katika XML. Programu inayochukua jina bila kulitafsiri itampa mgonjwa jina ambalo hata yeye hatalitambua likiitwa dirishani, na kompyuta ya pili itamwona ni mtu mwingine kabisa na kumfungulia jalada jipya. Bahati nzuri alama hiyo ya baiti sita hugeuka baiti moja. Tafsiri ya alama kama hiyo ni fupi, hivyo inaweza kuandikwa juu ya nafasi ile ile bila kuomba nafasi nyingine.

Sharti la pili ni zito zaidi. Herufi ambazo Expat anakuonyesha ni halali wakati wa wito ule tu. Akishaendelea mbele, nafasi ile inaweza kujazwa maandishi mengine. Programu iliyokumbuka mahali pa jina la mgonjwa wa kwanza bila kulinakili inaweza, sekunde moja baadaye, kukuta mahali pale pale pana jina la mgonjwa wa pili. Majibu ya mmoja chini ya jina la mwingine: kwa daktari wa maabara hakuna ndoto mbaya kuliko hiyo. Kwa hiyo jina, namba ya jalada na namba ya sampuli vinakiliwe daima. Ni baiti chache, na gharama yake haionekani.

Nyaraka nene

Siku hizi majibu hayaji kwa namba pekee. Ripoti ya nyama iliyokatwa kwa uchunguzi wa saratani, au mchoro wa moyo, huweza kutumwa kama faili la PDF lililofungwa ndani ya XML kwa njia ya Base64, ambapo kila baiti tatu huandikwa kwa herufi nne. Mzigo huongezeka kwa theluthi moja. Katika FHIR, maandishi hayo marefu huwekwa ndani ya sifa ya lebo, na sifa lazima isomwe yote kabla lebo haijakamilika.

Hapa Expat mwenyewe alikuwa na ugonjwa ule ule. Alipopewa lebo ndefu kwa mafungu madogo, kila fungu jipya lilipofika alianza tena kuisoma lebo tangu mwanzo wake, kwa matumaini kwamba sasa imekamilika. Muuguzi na vitanda vyake, mara hii ndani ya programu inayotumika dunia nzima. Ilihesabiwa kuwa udhaifu wa usalama, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya angeweza kuishughulisha seva mpaka ishindwe kuhudumia wengine, na ikarekebishwa katika toleo 2.6.0 lililotoka Februari 2024. Hospitali ambayo bado ina toleo la zamani inaweza kupata nafuu kubwa bila kubadilisha hata mstari mmoja wa programu yake yenyewe.

Nataja usalama kwa makusudi, kwa sababu anayekimbilia kasi hushawishika kuondoa ulinzi. Kuna faili la XML dogo kuliko kilobaiti moja ambalo, kwa kutumia vifupisho vinavyoitana vyenyewe kwa vyenyewe, hutanuka hadi gigabaiti kadhaa na kuiangusha kompyuta. Vichanganuzi vya kisasa hulikataa, na ukataaji huo usizimwe eti kwa kuwa unachelewesha. Vivyo hivyo tusirudi kwenye vyombo vya ukubwa mmoja visivyopanuka, ambavyo ni vya haraka lakini hukata majina. Ukitenga baiti 24 kwa jina, na moja ikachukuliwa na sifuri ya mwisho, basi Mwanahamisi Abdulrahman Juma na Mwanahamisi Abdulrahman Salim wote watakuwa Mwanahamisi Abdulrahman, herufi kwa herufi. Tena amri ya strncpy, ambayo wengi huiona kuwa salama, isipopata nafasi ya kutosha haiweki ile sifuri. Anayesoma jina baadaye atapitiliza hadi kwenye taarifa za jirani.

Kupima kabla ya kutibu

Sisi madaktari hatuandiki dawa bila kupima, na programu ni hivyo hivyo. Zipo zana za bure, kama perf na Valgrind, zinazoonyesha programu inatumia muda wake wapi. Tulipoiweka programu yetu ya awali chini ya kipimo hicho, jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa strcat, kwa mbali. Kazi ile ingefanyika kabla ya nyaya kubadilishwa, tungeokoa fedha. Baada ya tiba sahihi, faili la Jumatatu lililokuwa likituacha tuagize chai na kuinywa lilikwisha kabla sijavuta kiti.

Lakini kipimo cha kasi kiende pamoja na kipimo cha usahihi. Tangu siku ya 23.6, kila programu ya kusoma majibu niliyohusika nayo hujaribiwa kwa njia moja ya kuchosha: faili lile lile husomwa kwa mafungu ya baiti 1, kisha 2, kisha 3, hadi 4,096, na majibu ya kila usomaji hulinganishwa. Mpaka wa fungu hupita katikati ya kila namba na kila jina. Kosa la kijana wetu lingeonekana katika dakika ya kwanza.

Kwa wahudumu wa afya nina ombi moja kuhusu ucheleweshaji. Mnapompigia simu mtaalamu wa TEHAMA, msiseme tu kwamba mfumo uko taratibu. Mwambieni ni siku gani na saa ngapi, majibu yalikuwa mengi kiasi gani, na kama majibu ya mgonjwa mmoja mmoja hupita haraka ilhali ya wengi pamoja hukwama. Hilo la mwisho ndilo litakalomwelekeza kwenye programu badala ya nyaya. Na jibu lisilofanana na mgonjwa aliye mbele yenu lisitumike kabla halijalinganishwa na karatasi au skrini ya mashine iliyopima. Mashine za maabara hutunza nakala yake, na kuitazama ni kazi ya dakika mbili.

Kwa mgonjwa, au ndugu aliyemsindikiza: unapokabidhiwa majibu, soma jina lako lote matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jalada kabla hujaondoka dirishani. Kama jina limekatwa, au lina alama usizozijua katikati yake, lirudishe na uonyeshe kwa kidole mahali palipokosewa. Mtaalamu wa maabara ataitafuta namba ya sampuli yako kwenye mashine na kuthibitisha kwamba majibu ni yako.